Kamera ya zamani haisomi kwenye deskitopu, na Jumatatu nina mteja wa usaili

MwanaChumbageni · Ijumaa usiku

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada, ikibidi leo leo.

Nina steshenari ndogo hapa Tanga: fotokopi, kuchapa barua, kutumia watu maombi ya kazi, na uwakala wa pesa pembeni. Jana kaja kijana mmoja, kaitwa usaili wa mtandaoni Jumatatu saa 4 asubuhi. Simu yake imepasuka kioo na kamera ya mbele inaonyesha ukungu mtupu. Akaniuliza kama naweza kumpa kona yenye kompyuta na kamera. Nikamwambia njoo, usihofu. Mdomo ulitangulia akili.

Deskitopu yangu ni ya mtumba, Windows 10 ya biti 64, RAM GB 4, kamera haina. Nilikumbuka kuna moja nyumbani kwenye boksi la marehemu baba mdogo. Ya duara kama yai, ina kibanio cha kushikia juu ya skrini, mbele ina pete inayozunguka, na waya wake una ncha mbili: moja USB, nyingine pini nyembamba ya rangi ya waridi. Boksini kuna na CD, zile ndogo za upana wa kisosi. Jina la kampuni hakuna popote, imeandikwa "PC Camera" basi.

Nimeichomeka mbele ya keisi. Kompyuta ikalia, halafu ikaleta ujumbe kwamba kifaa hakijatambulika. CD nayo imegoma, inadai toleo la Windows si lake. Nifanyeje?

Ndezi · Ijumaa usiku

Ngoja waje wataalamu.

Kisamvu Kavu · Ijumaa usiku

Mkuu, kamera mpya madukani zipo, unajitesa na mali ya makumbusho. Au tumia simu yako, kuna programu za kuifanya simu iwe kamera ya kompyuta.

MwanaChumbageni · Ijumaa usiku

Mkuu Kisamvu, simu yangu ndiyo ya uwakala. Saa 4 asubuhi Jumatatu nina foleni ya watu wa kutoa na kuweka, nikiifunga kwenye kompyuta saa nzima nimefunga duka. Mpya nimeuliza, nimetajiwa elfu 45. Kijana mwenyewe nitamtoza elfu 5. Piga hesabu.

Ndezi · Ijumaa usiku

Hesabu imekataa. Endelea na makumbusho.

Tumbatu2 · Ijumaa usiku

Tafuta zile programu zinazosaka zenyewe draiva, yaani viprogramu vya kuiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Unaiwasha, inakagua mashine nzima, inashusha kila kinachokosekana. Mimi hutumia hiyo siku zote.

MwanaChumbageni · Ijumaa, karibu saa 6 usiku

Tumbatu2, Mungu anakuona. Nimeshusha mojawapo. Imekagua, ikasema nina draiva 23 mbovu, ikataka nilipie ili izirekebishe. Kamera iko vilevile, ila sasa nikifungua kivinjari napelekwa kwenye matangazo ya kamari. Nimeiondoa, nimepitisha Defender, ile ya Windows ya kusaka virusi, nafikiri nimesalimika. Kuna mtu mwingine mwenye wazo?

Mzee wa Waya · Jumamosi alfajiri

Kijana, nimeamka kuswali nikakuta uzi wako. Hizo programu za kusaka draiva achana nazo kabisa, na wewe Tumbatu2 uache kuwapeleka watu huko.

Tuanze upya. Wengi wakisema "kamera haisomi" wanakuwa na matatizo mawili tofauti wakayaweka kapu moja. La kwanza ni la umeme na waya: kompyuta imeona kuna kitu kimechomekwa, lakini ikikiuliza "wewe nani?" hakijibu, au kinajibu kwa kubabaika. La pili ni la draiva: kifaa kimejibu vizuri, jina na namba kimetoa, ila Windows haina mtu wa kukisemesha. Draiva haitibu la kwanza hata ukishusha elfu moja. Wewe usiku kucha umetafuta draiva, na ujumbe uliouleta unanuka tatizo la kwanza.

Fanya hivi. Bofya kulia kitufe cha Start, ingia Device Manager. Kifaa chenye alama ya njano kifungue, usome namba ya kosa. Ikiwa ni 43, na jina linaanza na "Unknown USB Device", kamera haijajitambulisha. Ikiwa ni 28, imejitambulisha lakini haina draiva. Ikiwa ni 10, draiva ipo na imeshindwa kuiwasha. Njoo na namba kwanza, tutaongea baadaye.

MwanaChumbageni · Jumamosi asubuhi

Shikamoo mzee. Ni 43. Na jina ndilo hilo ulilotaja.

Mzee wa Waya · Jumamosi asubuhi

Marahaba. Nilijua.

Toa kamera kwenye tundu la mbele. Matundu ya mbele ya keisi hayako kwenye mazabodi, yanaunganishwa kwa waya mrefu ulio ndani, na kwenye mashine za mtumba waya huo umeshafunguliwa na mafundi wangapi, Mungu ndiye ajuaye. Kamera ya zamani haisamehe waya mbaya. Zima kompyuta kabisa, chomoa na waya wa umeme ukutani, hesabu hadi 30, kisha uchomeke kamera nyuma kwenye tundu jeusi, moja kwa moja. Usipitishe kwenye kigawanyio cha USB wala waya wa kuongezea. La bluu, yaani USB 3, liache kwa sasa, kuna kamera kongwe zinagombana nalo.

Na ukague waya wenyewe, hasa shingoni pale unapoingia kwenye kichwa cha USB, na pale unapotoka kwenye yai. Hapo ndipo hukatikia.

Kisamvu Kavu · Jumamosi asubuhi

Nakazia la waya. Mimi niliwahi kuwa na maikrofoni ya USB inayosoma ukiishika na kukata ukiiachia. Nilikata kichwa, nikakuta nyuzi nne: nyekundu ya umeme wa volti 5, nyeusi ya kurudishia, na nyeupe na kijani za kupitishia data. Ile ya kijani ilikuwa imebaki gamba tu, shaba imekwisha. Nilifunga kichwa kingine kutoka kwenye waya wa printa, ikafanya kazi miaka.

MwanaChumbageni · Jumamosi, saa 3 asubuhi

Wakuu, kuna dalili! Nimeihamishia nyuma. Sasa mlio umekuwa mzuri, na kosa limegeuka kuwa 28. Alama ya njano bado ipo, lakini jina limebadilika, inajiita "USB Camera". Nimeambia Windows itafute draiva yenyewe mtandaoni, imezunguka ikarudi mikono mitupu.

Ndezi · Jumamosi asubuhi

Kumbe siku hizi tunafurahia kosa la 28.

Mzee wa Waya · Jumamosi asubuhi

Tunafurahia, ndiyo. Mgonjwa amefumbua macho.

Sasa nitakuandikia kirefu kidogo maana hapa ndipo watu wanapopoteza siku zao. Usitafute draiva kwa jina lililo kwenye boksi. "PC Camera" ni sawa na kumtafuta mtu stendi kwa jina la "Kaka". Kila kifaa cha USB kina namba mbili, ya aliyekitengeneza na ya aina yenyewe. Palepale Device Manager, kwenye kichupo cha Details, chagua Hardware Ids. Utaona VID na herufi nne, kisha PID na herufi nne. Hizo ndizo kitambulisho chake cha taifa.

Kisha kwenye orodha hiyohiyo chagua Compatible Ids. Ukiona "Class_0E", kamera yako inafuata kanuni ya pamoja ya video kwenye USB, inayoitwa UVC. Kanuni hiyo ilitoka 2003, na Windows imekuwa na draiva yake ndani kwa ndani tangu XP ya Service Pack 2. Kamera ya UVC haidai CD. Ukiona "Class_FF", maana yake kiwanda kilitunga lugha yake chenyewe, na bila draiva yake hiyo, Windows haitaielewa. Kamera nyingi za kabla ya 2006 au 2007 ni za namna hii.

La mwisho: fungua ile CD kwa kuipitia kama folda, tafuta faili la .inf, lile la maelezo ya draiva, lifungue kwa Notepad. Tafuta neno NTamd64. Likikosekana, draiva hiyo ni ya biti 32, na Windows ya biti 64 haipakii draiva ya biti 32 kwa dua wala kwa dawa.

MwanaChumbageni · Jumamosi mchana

Mzee majibu haya hapa.

VID_0AC8 na PID_301B.

Compatible Ids: Class_FF.

CD ina folda tatu, Win98, Win2000 na WinXP. NTamd64 nimeitafuta kwenye .inf zote, haipo.

Nahisi umeshanipa hukumu.

Tumbatu2 · Jumamosi mchana

Weka "Compatibility mode" ya XP, halafu zima ule ukaguzi wa saini za draiva: shika Shift ukirestati, ingia Startup Settings, bonyeza 7. Mimi hivyo ndivyo nilivyofanya kwa printa.

Mzee wa Waya · Jumamosi mchana

Tumbatu2, leo umekusudia. Hiyo Compatibility mode inaidanganya programu ya kusetapu tu, draiva haidanganyiki. Na kuzima saini kunaisaidia draiva ya biti 64 isiyosainiwa. Hii yake si ya biti 64. Ni kama kumwachia mtu geti wazi wakati gari lake halina matairi.

Dada Nyali · Jumamosi mchana

Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, nimesoma uzi huu tangu asubuhi kwa sababu yangu ilikuwa kinyume. Kamera yangu ni Class_0E, nimeangalia sasa hivi, Windows inaiona vizuri haina alama yoyote, lakini nikiingia kwenye mkutano picha ni nyeusi tititi. Je, hiyo nayo ni waya?

Mzee wa Waya · Jumamosi mchana

Sijambo mwanangu. Hiyo si waya. Ingia Settings, Privacy, Camera. Kuna swichi ya kuruhusu programu kutumia kamera, na chini kabisa kuna nyingine ya programu za kawaida za deskitopu. Zote mbili ziwe wazi. Kisha hakikisha hakuna programu nyingine iliyoishika kamera, mara nyingi kamera hutumikia bwana mmoja kwa wakati.

Kama bado, nitajie ni Windows gani. Sasisho la Windows 10 la Agosti 2016 lilibadilisha namna programu zinavyopokea picha, kamera nyingi nzima zikaanza kuganda. Walirekebisha baadaye, ila mashine ambayo haijasasishwa tangu hapo inaweza kuwa bado inaumwa.

Dada Nyali · Jumamosi mchana

Ilikuwa ile swichi ya chini kabisa. Ahsante sana, mzee. Miezi minane nimekuwa nikihudhuria mikutano kama jini.

Mzee wa Waya · Jumamosi alasiri

Turudi kwa wa Chumbageni. 0AC8:301B naifahamu. Ni chipu ya ZC0301, ilitumika kwenye kamera za bei nafuu zisizo na idadi, kila muuzaji akibandika jina lake. Ndiyo maana yako haina jina.

Kwenye Windows yako tumefika ukutani. Lakini kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kamera hii ina draiva, na imo ndani tayari, hushushi kitu. Kuna daktari mmoja wa Ufaransa, Michel Xhaard, daktari wa watu kweli, aliyekuwa akiandika draiva za kamera za namna hii kwa hiari yake, chipu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inaitwa gspca, na 2008 ikaingizwa kwenye kiini cha Linux, toleo la 2.6.27. Tangu hapo haijatoka.

Huna haja ya kufuta Windows. Shusha Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, iandike kwenye fleshi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, washa kompyuta kwa fleshi hiyo. Itawaka bila kugusa diski. Ujaribu kamera humo. Ikikataa, unachomoa fleshi na maisha yanaendelea.

Kisamvu Kavu · Jumamosi alasiri

Kwa nini asiweke XP ndani ya VirtualBox, ile programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta, akaipa hiyo CD?

Mzee wa Waya · Jumamosi alasiri

Kamera itasoma, ndiyo. Itasoma ndani ya XP, ambako hakuna kivinjari cha leo kitakachofungua huo mkutano. Atakuwa na kamera nzuri gerezani.

MwanaChumbageni · Jumamosi usiku

Faili ni karibu GB 3. Nasubiri bando la usiku. Mke wangu anauliza nachati na nani.

MwanaChumbageni · Jumapili, saa 4 asubuhi

Wakuu. WAKUU.

Nimewasha kwa fleshi, kwenye mashine yangu ni F12 kuchagua. Nikafungua ile tominali nyeusi, nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB. Katika mistari yake mmoja huu hapa:

ID 0ac8:301b Z-Star Microelectronics Corp. ZC0301 Webcam

Yaani imeitaja kwa jina! Nikaandika sudo dmesg, ya kusoma kumbukumbu za mfumo, chini kabisa nikaona "gspca_zc3xx" na namba ileile. Nikaweka programu ya Cheese, ya kutazamia kamera, nikaifungua, taa ya kijani kwenye yai ikawaka. Sijui iliwaka lini mara ya mwisho.

Sasa picha. Naona kichwa changu kama mtu aliye nyuma ya pazia la bafuni, na mistari mieusi inapanda kutoka chini kwenda juu bila kukoma. Sauti hakuna. Kamera imekufa au?

Mzee wa Waya · Jumapili asubuhi

Kufa? Ndiyo kwanza imezaliwa.

Ukungu: ile pete ya mbele uliyoitaja ndiyo fokasi. Kamera hizi hazijilengi zenyewe. Kaa pale atakapokaa kijana, mwambie mtu aizungushe taratibu kwa kucha hadi uso utulie. Ikiwa imegandamana usilazimishe kwa koleo. Kwanza futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, miaka yote hiyo boksini si kidogo.

Mistari: una tyubulaiti juu, sivyo? Umeme wetu ni wa hezi 50, kamera inapiga picha kwa mwendo usiolingana na taa. Weka v4l-utils, zana za kurekebishia kamera, kwa apt, ile amri ya kusetapu programu, kisha andika:

v4l2-ctl --set-ctrl=power_line_frequency=1

Moja ni hezi 50, mbili ni hezi 60.

Sauti: pini ya waridi. Maikrofoni ya kamera hiyo haipiti USB, ina njia yake. Nyuma ya kompyuta kuna tundu la rangi hiyohiyo. Umeichomeka?

MwanaChumbageni · Jumapili asubuhi

Pini ilikuwa inaning'inia nyuma ya meza. Nilidhani ni ya kuchajia.

Ndezi · Jumapili asubuhi

Ya kuchajia nini, mkuu? Yai?

MwanaChumbageni · Jumapili mchana

Cheka tu.

Pete ilikuwa ngumu, nikamwita binti yangu wa darasa la pili mwenye vidole vidogo. Kaizungusha robo mzunguko, pazia likafunguka, nikaona hadi bei za fotokopi ukutani nyuma yangu. Zinasomeka kinyumenyume, nadhani ni kwa sababu Cheese inanionyesha kama kioo. Mistari imeondoka baada ya ile amri. Sauti ipo, ina mvumo kidogo kama wa friji, lakini maneno yanasikika. Nimejipigia mkutano wa majaribio kwenye Firefox na shemeji yangu wa Korogwe, ananiona na kunisikia. Anasema nimenenepa.

Mzee, swali la mwisho. Nifanye usaili kwa fleshi hiihii, au niweke Mint kwenye mashine? Windows siwezi kuiacha, programu ya risiti iko huko.

Mzee wa Waya · Jumapili mchana

Kwa kesho fleshi inatosha, ila ujue ukizima kila ulichoweka kinapotea, Cheese, v4l-utils, vyote. Ile amri nayo utairudia kila ukiwasha. Kama una diski ya ziada droo, hata ya GB 160, ifunge ndani uweke Mint huko peke yake. Chomoa waya wa diski ya Windows wakati wa kusetapu ili mkono usiteleze. Baada ya hapo utachagua kwa F12 diski ipi iwake.

Na kesho mkalishe kijana akitazama dirisha, asilipe mgongo. Chipu hiyo mwisho wake ni 640 kwa 480, gizani inakuwa mchanga mtupu.

Kisamvu Kavu · Jumatatu asubuhi

Saa 4 imepita. Habari?

Ndezi · Jumatatu asubuhi

Nimeweka kambi hapa.

MwanaChumbageni · Jumatatu, saa 7 mchana

Wakuu samahani, foleni ilikuwa kubwa.

Diski ya GB 160 niliipata kwenye kompyuta mbovu ya jirani, nikaweka Mint jana usiku. Kijana amefika saa 3 kavaa tai. Nimemgeuzia meza ikatazama mlango, mwanga wa barabarani ukampiga usoni vizuri. Dakika ya tano hivi wakamwambia sauti ina mvumo, moyo ukanidondoka. Nikakumbuka pini, nikaichomoa na kuichomeka tena hadi ikalia "tik", mvumo ukapungua. Wameongea dakika 40. Mara moja tu picha iliganda, na hapo ni intaneti, maana kamera taa yake ilikuwa inawaka.

Majibu ataambiwa baadaye. Amelipa elfu 5 na kuniachia soda. Mzee wa Waya, soda ni yako, nielekeze pa kuituma.

Mzee wa Waya · Jumatatu mchana

Kunywa wewe. Mimi sukari imenikataza.

Tumbatu2 · Jumatatu mchana

Hongera mkuu. Mzee, shikamoo, na samahani kwa yale ya juzi. Mimi nina skana ya zamani, boksi linasema 2005, kwenye Windows 11 haisomi. CD yake imepotea. Nianzie wapi?

Mzee wa Waya · Jumatatu mchana

Marahaba. Fungua uzi mpya. Na uje na namba mbili, VID na PID. Usije na jina la boksi.